Pale Mumbere Anapoingia

Vitabu vyangu ninavishona kwa mashini ileile ninayoshonea sare za wanafunzi. Karatasi zikitoka kwenye fotokopi ninazikunja katikati, ninaziwekea jalada gumu, kisha ninapitisha sindano ya jeans, nikikanyaga pedali polepole sana, kwa sababu karatasi ikitoboka vibaya hairekebishiki kama kitambaa. Ya Kaswera, dada mkubwa mwenye atelier yetu ya kushona hapa Bulengera, Butembo, ananiruhusu kufanya hivyo Ijumaa, kazi ikipungua.

Nimeandika hadithi ndefu tano, zote za vijana. Nne za kwanza zinazunguka Butembo na Beni bila mimi. Wasichana wa kwaya wanaazimana, motari wanazisoma wakingoja abiria, wanafunzi wanazificha ndani ya kitabu cha jiografia. Ya tano ilikuwa tayari, nakala arobaini, lakini zilikuwa zimekaa wiki tatu ndani ya mfuko chini ya mashini.

"Joyeuse," Ya Kaswera akaniuliza, "hizi bitabu zinalalia mayayi huku chini?"

"Bado, Ya."

"Bado nini? Ulishona, ulikata, jalada iko muzuri. Timothée wa kanisa ya Beni anaandika message kila siku, ati vijana banangoja. Mimi mwenyewe nilisoma, nikalia mpaka nikaunguza chemise ya mutu na pasi."

"Mama hajasikia."

Alikuwa anajua.

Kwetu Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Mtoto wa kwanza akiwa mvulana, mara nyingi ataitwa Mumbere au Paluku. Kwa hiyo kila mtaa una Mumbere wake, na mwingine, na mwingine. Nilifikiri ninaweza kumtia kaka yangu kwenye kitabu kwa jina lake mwenyewe na asionekane katikati ya hao wengine.

Yeye ndiye aliyekuwa msikilizaji wangu wa kwanza. Mwaka tuliokimbia vita Kamango nilikuwa darasa la tano, na shule ikaishia pale. Tulipofika Beni aliniletea kaye, daftari la kurasa mia moja, kutoka sokoni. "Andika kitu yoyote," aliniambia, "mukono isisahau." Nikaandika hadithi ya msichana na mbuzi mwizi. Tangu hapo, kila Jumamosi akirudi kutoka mashamba ya kakao, hata kabla ya kunawa, aliuliza tulikoishia: "Tulifika fasi gani?" Nami nilimsomea. Kwenye mapenzi alisinzia, kwenye hatari aliamka.

Miaka sita iliyopita kuna Jumamosi hakurudi. Walimkuta Jumanne. Tulimzika.

Mama hakutaja tena jina lake. Majirani waliokuwa wanamwita Mama Mumbere wakaanza kumwita Mama Joyeuse, mmoja mmoja, kwa huruma, bila mtu kuwaambia. Hata mimi nilipokuwa ninamtaja kwa watu nilisema hivyo.

Sasa katika kitabu cha tano nilikuwa nimemrudisha. Familia nzima inamngoja kaka mkubwa tangu ukurasa wa kwanza, na jina lake halitajwi. Katika sura ya tisa, ya mwisho, mvua inanyesha, mlango unafunguka, mama yake anaita: "Mumbere!" Naye anaingia, anakula. Basi. Hakuna jambo lingine.

Nilifanya hivyo bila kumwomba Mama ruhusa. Mama hasomi, lakini Beni watu wanasomeana kwa sauti, na habari ingemfikia kupitia midomo ya wengine. Hilo ndilo lililonifunga.

"Nitaenda kumusomea," nilimwambia Ya Kaswera. "Akikatala, ninafumua byote. Karatasi nitapatia bamama ba karanga, bafungie."

Ya Kaswera hakucheka. Aliokota wembe ninaofumulia nyuzi, akaufunga katika kipande cha kitambaa, akautia mfukoni mwake.

"Hii inabaki kwangu. Enda."

Nilipanda taksi Jumamosi asubuhi na mfuko magotini. Butembo kulikuwa na baridi, na kabla ya kufika Beni nilikuwa nimeshavua sweta. Nilimkuta Mama uani, anageuza kakao juu ya bâche, turubai la kuanikia, kwa mguu mtupu, mistari kwa mistari.

"Karibu, mutoto wangu. Eh, umekonda! Kaswera anakupatiaka chakula ao uzi?"

"Niko na kitu ya kukusomea, Mama."

"Soma. Masikio si yo inageuza kakao."

Nikaketi kwenye kigoda, nikasoma. Mama alikuwa anatembea juu ya kakao, anacheka penye kuchekesha, anatukana wabaya kwa Kinande. Jua likapanda. Nilipofika sura ya tisa sauti yangu ikawa ndogo, akasema nipaze. Nikapaza. Mvua, mlango, mama akiita jina.

Mguu wake ukasimama.

"Bamumbere biko bengi, Mama," nilisema haraka. "Hata hapa ku avenue yetu tu, biko..."

"Nyamaza. Soma."

Nikasoma: "Akavua bote zake, viatu virefu vya mpira, mlangoni, akanawa mikono, akaketi mahali pake. Mama yake akamwekea bugali na maharagi. Akala yote, na hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi."

"Hapana," Mama akasema.

Nikafunga kitabu. Niliona nyuzi zote za vitabu arobaini zikitoka moja moja.

"Unisamehe, Mama. Nitafumua byote."

"Utafumua nini? Nasema maharagi, hapana! Ndugu yako alikulaka maharagi siku gani? Akikula maharagi, nyumba muzima hatulale, tunafungua madirisha. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Niliandika maharagi kwa sababu ndiyo chakula kinachopatikana katika nyumba nyingi, na nilikuwa ninamficha.

"Alikuwa anapenda nini?" Mama akaniuliza, kama mwalimu.

"Sombe na makayabu," nilisema: majani ya muhogo na samaki mkavu wa chumvi.

"Basi mupatie mutoto sombe na makayabu. Mutu anatoka mbali vile, mu mvua, na unamuwekea maharagi!" Akaja kuketi karibu nami, akifuta miguu kwa kitenge. "Na bote. Hakutoshaka bote ku mulango hata siku moja. Aliingia nazo, mimi natukana, yeye anacheka."

"Nitabadilisha na ile."

Akafikiri. "Ile acha. Batu bafikiri nilimufunza heshima."

Akacheka, na katika kucheka huko machozi yakamtoka, akayaacha tu yashuke. Nami nikamshika mkono. Una harufu ya kakao siku zote.

"Kisha kula, anaenda wapi?" aliuliza baadaye.

"Haendi, Mama. Kitabu inaishia pale anakula."

"Muzuri. Soma tena pale anaingia."

Nilimsomea mara tatu, kwa sombe na makayabu.

Mchana tukamwaga nakala zote juu ya mkeka. Nilikuwa ninafungua ukurasa wa mwisho, ninakata "maharagi" kwa kalamu ya bik, ninaandika juu yake kwa herufi ndogo, kisha ninampa Mama aweke pembeni. Nakala kama kumi na mbili zilipopita akarudisha moja.

"Hii ulisahau."

Nikatazama. Kweli, sikuwa nimekata.

"Umejua namna gani?"

Akaweka kidole chini ya neno, bila kukosea. "Si hii? Hii murefu, yenye mukia ku mwisho. Nimeiona ya kutosha. Siipendi." Kuanzia hapo kila nakala ilipita kwake. Alikamata nyingine mbili.

Jumapili baada ya ibada Timothée, kiongozi wa vijana, alisoma sura ya tisa mbele ya watu. Mimi siwezi. Nilisimama nyuma karibu na mlango, nikashika kamba ya mfuko. Kwenye sehemu ya mvua vijana waliinamia mbele. Alipoingia Mumbere kuna mtu alipiga kofi moja, kisha akaona haya. Sombe ikawachekesha, sijui kwa nini, labda walikuwa na njaa.

Kisha msichana mmoja, Bénite, akasimama. "Nauliza tu. Huyu Mumbere, ni mutu kweli? Ni wa nani?"

Timothée akageuka kunitafuta. Nikatazama miguu yangu.

Kwenye benchi la wamama kitu kikasogea.

"Ni wangu," Mama akasema. Alisimama wima, kitambaa cha kichwa kimenyooka. "Miye ni Mama Mumbere. Na huyu mwenye aliandika ni mutoto yangu, yule anajificha ku mulango."

Wote wakageuka. Nikataka kutoka, lakini mlangoni pia palikuwa pamejaa watu.

Jumatatu asubuhi alinisindikiza hadi barabarani. Mfuko ulikuwa mtupu. Nakala moja aliibakiza nyumbani, imefungwa ndani ya kitenge chake cha Krismasi. Jirani yetu Mama Kahongya alikuwa anatoka kuteka maji, akatusalimia kwa Kinande.

"Wavukire, Mama Jo..." Akasimama na ndoo kichwani. Akamtazama Mama usoni. "Wavukire, Mama Mumbere."

"Wavukire," Mama akaitika, kama vile hakujawahi kupita siku hata moja.

Taksi ikaja. Nilikuwa nimeshaketi dirishani alipogonga kioo, nikakishusha.

"Hiyo kitabu ingine," akasema, "tulifika fasi gani?"

"Bado hata ukurasa moja, Mama."

"Basi anza. Utanisomea ku telefone Jumamosi."