Jedwali la Ato Zerihun

Seva iliyobeba tovuti ya marehemu baba yake ilikuwa inafungwa jioni ile saa kumi na mbili, na Tsigereda bado alikuwa anaambulia patupu. Baba huyo, Ato Zerihun, alikuwa amezunguka Addis Ababa na kinasa sauti chake, akiwarekodi wapiga kinubi cha krar wa mitaani, wengine akiwaalika nyumbani, kisha akazipanga nyimbo zao kwenye jedwali moja refu, kila wimbo na kiungo chake. Kanda zenyewe zilishaoza kwa unyevu. Zilikuwa zimebaki hizo za mtandaoni tu, mamia kwa mamia, na kuzishusha moja moja kusingewezekana.

Ndiyo maana aliandika skripti ya Python ipite kwenye jedwali na kuvichukua viungo vyote kwa mkupuo. Njia ya kuvifikia aliinakili kutoka kwenye kivinjari: jedwali, tbody (lebo inayoifunga mistari pamoja), mstari, chumba, kiungo. Aliiendesha skripti. Ikamrudishia mabano matupu, bila kiungo hata kimoja.

"Bado tu?" aliuliza Mulugeta, mwenzake wa ofisini, kutoka meza ya pili, redio yake ikipiga kelele za mpira kama kawaida. "Na juzi ulinicheka mimi skripti yangu ilipogoma!"

"Mule, nyamaza. Na hiyo redio yako inanipasua kichwa."

"Redio haina kosa, dada yangu. Kunywa buna kwanza, kahawa inapoa."

Hakuinywa. Aliufungua msimbo wa ukurasa wenyewe, jinsi baba yake alivyouandika kwa mkono, na moyo ukamlainika. Herufi kubwa tupu, nafasi ovyo ovyo, kila kitu kama mzee mwenyewe. Aliikumbuka ile ofisi ya kupiga chapa kule mtaa wa Piassa, yeye amepakatwa, baba anagonga vitufe kwa vidole viwili na kumfundisha: "Jedwali ni mistari na vyumba, Tsigye. Mengine ni mapambo ya wenye nafasi."

Mapambo! Tsigereda akajipiga kofi kwenye paji la uso. Baba hakuwahi kuandika tbody maishani mwake. Kivinjari ndicho chenye kiherehere: kikikuta jedwali halina tbody, huichomeka chenyewe kimya kimya, halafu humwonyesha mtu kana kwamba ilikuwepo tangu mwanzo. Skripti yake ilisoma kilichoandikwa, basi, na kilichoandikwa kilikuwa mistari na vyumba.

Akaifuta tbody kwenye njia yake, akaiendesha tena.

Viungo vikamwagika, na mafaili yakaanza kushuka mfululizo. Tsigereda alicheka huku machozi yanamtoka, wala hakujali nani anamtazama. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa faili la mwisho lilipofika.

Akafungua la kwanza bila kuvaa spika za masikioni. Kwanza ulisikika mkwaruzo wa kanda, kikombe kikiwekwa mezani, kisha sauti aliyokuwa ameanza kuisahau, ya mtu aliyekwisha kuchoka kusema jambo lile lile:

"Tsigye, zima hiyo redio, mgeni anataka kuanza kupiga."

"Nazima, baba!" kikaitikia kisauti cha mtoto.

Nyuma ya Tsigereda kiti kilisogea. Mulugeta alikuwa ameinuka kwenda kuizima redio yake.