Pindo la Barabara

Jumatatu saa moja asubuhi, fundi cherehani alishusha futi shingoni akapima barabara iliyopita mbele ya kibanda chake. Akapima, akarudia kupima, akaguna. Aliyeikata barabara ile hakuacha pindo. Magari yalipewa kitambaa chote, hata pale kwenye kona ya duka la mikate, ambako lori lilimuua mumewe akiwa juu ya baiskeli. Sasa binti yao alipanda baiskeli hiyohiyo kwenda chuoni, na njia ilikuwa hiyohiyo moja.

Fundi akabeba cherehani hadi barabarani, akatia uzi mweupe, akaanza kushona lami. Lami ni nene kuliko jinzi, kwa hiyo alitumia sindano ya turubai. Kufika adhuhuri alikuwa ameshona mstari ulionyooka, hatua mbili kutoka ukingoni, kutoka kibandani hadi kuipita kona.

"Dada, usisahau vifungo!" dereva wa teksi akamtania.

"Nitaanza na mdomo wako," fundi akajibu bila kuinua kichwa.

Teksi ikakanyaga mshono, na gurudumu likashonewa papo hapo, kama mkono wa shati unaposhonewa mgongoni kwa bahati mbaya. Nyuma yake wakanaswa wengine sita. Fundi hakumfumua mtu kabla hajajibu.

"Kitendawili!"

"Tega," wakasema kwa uchovu.

"Chombo changu hakina ukuta wala paa. Ukigonga mlango, umenigonga mimi."

"Konokono!" akadakia wa teksi.

"Konokono ana paa. Kaa hapo ufikiri."

Dereva wa tatu ndiye aliyepata jibu: "Mwendesha baiskeli!" Fundi akamfumua, akamwonyesha upande wake wa kupita. Wengine wakaelewa mmoja mmoja. Wa teksi aliondoka jioni.

Kesho yake binti alipita ndani ya mshono akipiga mluzi. Nyuma yake akaja mhandisi wa jiji na kitabu cha sheria.

"Mama, nani kakuruhusu kupaka rangi barabarani?"

"Nimepaka? Nimeshona."

Mhandisi akapekua. Rangi ilikatazwa ukurasa mzima, uzi haukutajwa. Akafunga kitabu.

"Lakini mstari wa nini? Hapa hakuna mwenye baiskeli aliyewahi kugongwa. Kumbukumbu zetu zinasema hivyo."

Fundi akajitwisha cherehani, akaenda ofisi ya kumbukumbu. Karani akamtolea fomu ya ajali ya mumewe. Ilikuwa na visanduku vitatu: gari, pikipiki, mtembea kwa miguu. Alama ilikuwa kwenye cha tatu.

"Mume wangu hakuwa anatembea."

"Najua, mama. Pole. Ila baiskeli haina kisanduku."

"Kiongeze."

"Fomu zimeshachapwa. Kuna katoni arobaini stoo."

"Na wenzake waliogongwa?"

"Wote walikuwa wanatembea."

Fundi akatazama dirishani. Baiskeli ya karani ilikuwa imefungwa kwenye nguzo.

"Na wewe ukigongwa?"

Karani akafikiri kidogo. "Nitakuwa natembea."

Fundi akaiweka cherehani sakafuni. Mstari, akamweleza, sasa utaanzia hapa chini ya meza, utoke mlangoni, uteremke ngazi, hadi ukutane na ule wa barabarani.

"Inua miguu, mwanangu."

Karani akainua miguu. Akavuta fomu iliyofuata, akaweka alama kwenye kisanduku cha tatu huku magoti yakigusa meza, na chini yake sindano ikaanza kula saruji.