Wimbo Usiomtaja Tonton Adalbert

Wimbo wa gitaa alioutunga Guylain ulikuwa na kosa moja tu: haukuwa na maneno. Bukavu nzima inajua kwamba wimbo ni mahali pa kutupia libanga, yaani kutaja majina ya wakubwa ili nao wajisikie wakubwa. Wimbo usiomtaja mtu ni kama harusi isiyo na bia: inawezekana, lakini nani atakuja?

Guylain alimtungia mama yake, Maman Georgette, ambaye tangu apigwe na kiharusi hakuwahi kutamka neno. Kama mama hana maneno, aliwaza, basi na wimbo usiwe nayo. Mapigo aliyachukua kwenye mchi wa mama, alivyokuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo: mawili mazito, moja jepesi, kisha anapumzika kidogo ili amseme jirani. Guylain aliomba jambo moja tu, mama ausikie hadi mwisho kwenye sikukuu ya komunyo ya mpwa wake, Mapendo.

Tonton Adalbert, mjomba wa familia na mnunuzi wa dhahabu kule Kamituga, ndiye aliyekodi vyombo vya muziki pamoja na baffle, zile spika kubwa. Alisikiliza mazoezi kwa huruma.

"Iko muzuri, mutoto. Sasa jina yangu inaingia wapi?"

"Haiingii, tonton. Ni gitaa peke yake."

"Peke yake? Na baffle nilileta mimi?"

"Ni ya maman, tonton."

"Maman tutamutaja pia. Nyuma yangu."

Siku ilipofika, Guylain hata hajafika katikati, tonton akanyakua mikro. Akajitaja. Akawataja rafiki zake wa Kamituga, shemeji zake wa Nyangezi, daktari wa meno yake, na bwana mmoja wa Idjwi aliyewahi kumuuzia mananasi matamu. Guylain aliendelea kupiga gitaa. Kila alipofika mwisho, alirudi mwanzo. Wakubwa wa Bukavu ni wengi, lakini Mungu ni mwema, nao wana mwisho. Tonton aliishiwa majina, kisha pumzi, akaketi kutafuta bia yake.

Gitaa likabaki peke yake. Mawili mazito, moja jepesi. Mkono mmoja wa Maman Georgette, ule uliobaki na nguvu, ukaanza kutwanga juu ya meza. Ulipofika mahali pa kupumzika, mama akageuza kichwa polepole, akamtazama Tonton Adalbert kuanzia viatu hadi kofia, vilevile alivyozoea kumtazama jirani kabla ya kumsema.