Posho ya Shingo

Kila mwisho wa mwezi, mwenye kiwanda cha sare aliwaita mafundi wake mmoja mmoja kusaini karatasi ya mishahara, na kila mara aliweka rula ya mbao juu ya majina mengine, fundi aone mstari wake tu. Hiyo aliiita heshima.

Mwezi ule rula ilikuwa imeazimwa chumba cha kukatia. Mama Uzi, mjane aliyekuwa akishona hapo kwa mwaka wa tisa, akaona asichotakiwa kuona. Mstari wa juu yake ulikuwa wa Fundi Mkuu, aliyeajiriwa baada yake. Mshahara wao ulikuwa sawa, ila pembeni mwa jina la Fundi Mkuu palikuwa na nyongeza ya karibu nusu ya mshahara: posho ya shingo.

"Hii ndiyo nini, Bosi?"

Bosi akafunika karatasi kwa kiganja. "Ni ya kola, mama. Kola ni kazi nzito. Inataka mkono wa kiume."

Mama Uzi akasaini. Kwa miaka sita, kila baada ya chai, Fundi Mkuu alikuwa akisukuma kapu la kola chini ya cherehani yake na kusema kwa sauti ya mgonjwa, "Dada yangu, nimalizie hizi, macho yananiwasha." Naye alimalizia, kwa huruma, na kwa kuwa Mungu anaona. Mungu alikuwa ameona. Bosi ndiye hakuona.

Nyumbani binti yake wa mwisho, aliyekuwa akisubiri ada ya chuo cha ukunga, alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, usiombe. Ukiomba watakupa pole. Taja kiasi, halafu unyamaze."

Kesho yake Mama Uzi akapiga moyo konde, akaingia ofisini, akataja kiasi, akanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomtoa jasho.

"Mwenzako ana familia," Bosi alisema hatimaye.

"Nina watoto watatu, Bosi, na mume wangu Mungu alishamchukua."

"Ndiyo, lakini wewe umeshazoea." Kisha akalainisha sauti. "Na wewe ni mtu wa ibada, mama. Hufanyi hivi kwa ajili ya pesa."

"Ibada nafanya bure, nyumbani. Hapa nashona."

"Basi tutaliangalia."

Bati linalovuja juu ya cherehani ya Mama Uzi nalo lilikuwa likiangaliwa tangu mvua za mwaka juzi.

Siku hiyo, baada ya chai, kapu likaja. Mama Uzi akalirudisha kwa mguu, taratibu.

"Dada, macho..."

"Pole, kaka. Ila nimeambiwa kazi hii inataka mkono wa kiume. Naogopa kuiba posho yako."

Fundi Mkuu akazishona mwenyewe, mashati mia mbili ya shule moja. Ijumaa mwalimu mkuu wa shule hiyo, mama asiyecheka ovyo, alikuja kuyachukua. Akalifungua shati moja, kisha la pili, la tatu. Kola moja ilitazama juu, nyingine ilitazama chini kama sikio la mbwa aliyefukuzwa.

"Za mwaka jana alishona nani?" akauliza. "Namtaka huyo."

Bosi akamtazama Fundi Mkuu. Fundi Mkuu akatazama dari, mahali panapovuja. Mwanafunzi wa kukata vitambaa akaangua kicheko, na mafundi wote wakamgeukia Mama Uzi.

"Kumbe," Bosi alisema. "Mama, kuanzia leo wewe ni Msimamizi wa Kola."

"Cheo kikae, Bosi. Niandikie posho."

Akaiandika papo hapo, mwalimu mkuu akishuhudia. Mashati mia mbili yalifumuliwa shingo, yakashonwa upya, yakaenda shule yamenyooka.

Mwisho wa mwezi rula ilikuwa imerudi kazini. Mama Uzi akaona mstari wake, na posho ya shingo imo, kamili. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Halafu, kwa kidole kimoja, akaisogeza rula juu kidogo.

Fundi Mkuu: posho ya ushauri wa kola. Ilizidi ya Mama Uzi.

"Asingeweza kuwa chini yako, mama," Bosi alisema haraka. "Angejisikia vibaya."

Mama Uzi hakubishana. Alikwenda kwenye cherehani yake, akarudi na kapu la kola za wiki nzima, akalitua juu ya karatasi ya mishahara, akavuta kiti, akakaa.

"Mshauri aanze," alisema, akanyamaza. Safari hii aliyetoka jasho ni Bosi.