Pamba Imetoka, Minza Hakutoka

Minza aliigeuza picha kichwa chini miguu juu, akairudisha, akaisogeza mlangoni penye mwanga. Wapi! Pamba ilikuwa imetoka, nyeupe hadi inachoma macho. Shati jeupe la shemeji yake Bundala nalo limetoka, ingawa halikuwa na kichwa. Yeye mwenyewe, mwenye pamba, alikuwa gunia la mkaa lililofungwa kilemba.

"Luhaga! Mimi niko wapi hapa?"

"Si huyu hapa, bibi," mjukuu wake akasema, akigusa ule weusi.

"Hiyo ni sufuria! Umenitenga kama pamba fifi, ile chafu isiyo na bei!"

Luhaga, fundi simu wa Bariadi mjini, akajikuna. Kamera ile ya filamu, kongwe kumzidi yeye, aliinunua kwa mwalimu mstaafu wa Nyalikungu, akatamba nayo kijiji kizima cha Ngulyati: haitaki ujuzi, unaiweka kwenye A, inapima mwanga yenyewe. Basi ikapima. Iliona mlima wa pamba juani, ikadhani kila kitu kinang'aa, ikaubana mwanga. Sura ya bibi ikaliwa.

Na picha hiyo ilikuwa ya ukutani. Sebuleni ilining'inia ya marehemu mumewe peke yake, mkono kiunoni mbele ya pamba, na kila mgeni aliisifia bidii yake. Marehemu, Mungu amrehemu, jembe alilijua kwa jina tu. Aliyelima ni Minza, miaka ile na mwaka huu. Alitaka wajukuu waione sura yake, na pamba yake nyuma.

Nje, Bundala alishafika na mkokoteni wa ng'ombe.

"Shemeji, tupakie! Pamba ya kaka isichelewe mnadani."

"Pamba ya nani?"

"Ya kaka. Kwani shamba si lake?"

"Alifufuka lini akaja kupalilia?" Minza akatoka, akapanda juu ya turubai, akaketi katikati ya pamba. "Haipakiwi hata kiganja kimoja mpaka nionekane. Luhaga, lete hilo dubwasha lako!"

Luhaga akaweka filamu mpya. Safari hii akaiondoa kamera kwenye A, akaja mpaka lenzi ikakaribia pua ya bibi.

"Unaninusa?"

"Naupima mwanga wa uso wako, bibi, siyo wa pamba."

"Si ungeninusa tangu juzi!"

Luhaga akarudi nyuma bila kukigusa tena kipimo alichokipata usoni. Bundala akajipangusa shati haraka, akaja kusimama pembeni ya shemeji yake, kidevu juu.

"Shemeji, kule," Minza akamwambia.

"Kule wapi?"

"Kwa ng'ombe. Wao angalau walilima."

Luhaga akaumeza mcheko. "Bibi, tabasamu kidogo."

"Nitabasamu nini? Piga!"

Akapiga. Bundala akashika gunia la kwanza, lakini Minza hakuinuka.

"Luhaga, kaisafishe picha mjini kwanza. Nikijiona, ndipo mpakie."

Bundala akatazama jua, akamtazama mwanamke, akaenda kuwafungua ng'ombe nira.