Miezi Mitano ya Salongo

Haya aliniambia Nabintu mwenyewe, Jumanne ya wiki ya pili ya mwezi wa saba, tumekaa mlangoni kwangu hapa Kibuli tukichambua maharagwe. Hakulia alipokuwa akisema. Alitoa kijiwe, akakiweka pembeni, akasema kidogo, akatoa kingine. Nayaandika kama alivyoyasema.

Nabintu ni mwanamke wa Bukavu. Alifika Kampala mwezi wa pili, kwao kulipoharibika, yeye na binti yake Princesse wa miaka saba, na mfuko mmoja. Mume alikufa zamani. Alikuja kwa Esperance kwa sababu hakuwa na mtu mwingine katika mji huu, na Esperance si mtu wa mbali, mama zao walitoka tumbo moja. Tena kuna jambo. Mama yake Esperance alipougua, Esperance alikuwa ameshahamia huku. Aliyemwogesha mgonjwa yule, akamlisha uji, akamfunga macho siku ya mwisho, ni Nabintu. Kwa hiyo alipopiga hodi kwenye chumba cha Esperance, katika nyumba za kupanga za Hajati Maimunah, alipiga hodi kama mtu anayerudi kwao.

Na Esperance alimpokea vizuri. Hilo Nabintu hakulificha. Alimpa godoro lake yeye na mtoto, mwenyewe akalala kwenye mkeka. Jumapili ya kwanza akamtoa kumwonyesha mji.

"Ule ni msikiti," akamwambia. "Ukipotea, angalia juu, uutafute, urudi. Hospitali ni ile. Kanisa letu liko kule chini, na shule ya mtoto ni hii hapa."

Wakapanda boda mpaka Mengo, wakazunguka ukuta mrefu wa Lubiri, jumba la Kabaka, kwa miguu, wakala mahindi ya kuchoma. Nabintu anasema siku hiyo ndiyo alicheka mara ya kwanza tangu atoke kwao. Aliwaona karoli, wale ndege wakubwa wenye upara, wamesimama juu ya takataka kama wanakamati wanaosubiri chai. Princesse akawasalimia. Esperance naye akacheka mpaka akashika mbavu.

Wakati wa kurudi akasema, "Sasa nisikie. Kibuli mpaka Mengo, tembea. Katikati ya mji usiende. Na Kalerwe usikanyage kabisa."

"Kalerwe ni nini?"

"Ni soko. Kuna maaskari pale wanaangalia sura mpya. Karatasi yako ya ukimbizi haijatoka. Wakikushika banakupandisha lori mpaka kambini, na mtoto anaacha shule."

Nabintu aliyashika maneno hayo. Mgeni hana macho yake mwenyewe, anatumia ya mwenyeji. Watu wa kwao walikuwa wamemsimulia kambi, na alikuwa ameshalala nje na mtoto siku za kutosha njiani. Kitu alichotaka ni kimoja tu, Princesse akae mahali pamoja, aende shule, arudi, amkute mama yake.

Juma lililofuata Esperance akaleta gunia dogo la majani ya muhogo na kinu. Akasema, "Dada, kuna salongo."

Nieleze kwa asiyejua. Kwao Kongo salongo ni kazi ya wote. Siku yake ikifika, asubuhi maduka yanafungwa, kila nyumba inatoa mtu, huyu anafagia barabara, yule anazibua mtaro, na asiyetoka anatozwa faini. Nabintu alikulia katika hiyo. Kwa hiyo Esperance alipomwambia kwamba hapa Kampala kanisa lina salongo yake, kwamba kila aliyefika anatwanga sombe, yaani kisamvu, ya kuwalisha wanaofika baada yake, hakuona ajabu. Mimi ningeuliza. Mganda angeuliza. Mtu wa Bukavu haulizi kuhusu salongo, anauliza tu ni saa ngapi.

Akawa anaamka saa kumi na moja kila siku isipokuwa Jumapili. Anatwanga majani mpaka yanakuwa laini kama uji mzito, anatia vitunguu vya majani na pilipili hoho, anatwanga tena. Anajaza beseni, Esperance analifunika kwa kitambaa, anapanda nalo boda, anaondoka. Na kila beseni likijaa Nabintu aliliwekea mkono juu akaomba maneno yale yale: Yule atakayekula hii leo, ambaye amefika na hajui pa kulala, umpatie mahali.

Miezi mitano.

Hajati Maimunah mwenye nyumba ndiye aliyeanza kuchokoza. Asubuhi moja alitoka na birika lake la kutawadhia, akasimama.

"Nyabo, unatwangia nani kila siku hivi?"

"Ni salongo, Hajati."

"Salongo kwetu ni mwanaume aliyezaa mapacha. Wako yuko wapi, nimpe hongera?"

"Ni kazi ya kanisa."

"Kanisa gani hilo linaamka kabla ya adhana? Huyu muadhini wetu siku hizi hana kazi, watu wote tunaamshwa na mchi wako." Akaendelea kumtazama. "Na inaisha lini?"

Nabintu akashika mchi tena. Hakuwahi kufikiri kwamba inaisha.

Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada alimwendea Mzee Zéphyrin, ambaye ndiye anayeandika majina ya wageni wapya kanisani, mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Mzee, salongo yangu inaisha mwezi gani?"

"Salongo gani, Mama Princesse?"

"Ile ya sombe. Ya wageni."

Mzee akavua miwani. "Sisi hatuna salongo hapa. Wageni tunawapa unga na maharagwe, tukipata. Sombe tunanunua kwa Esperance pale Kalerwe kama watu wote. Mke wangu anasema hakuna anayetwanga kama yeye."

Na Nabintu, kabla hajajua anasema nini, akajibu, "Ndiyo, anatwanga vizuri."

Siku ile alirudi nyumbani akapika kama kawaida. Alijiambia, mzee ni mzee, labda anachanganya. Jumatatu, ndiyo jana, akaamka saa kumi na moja, akatwanga, akajaza beseni. Akaweka mkono juu, lakini maneno hayakuja. Esperance akaondoka na boda. Nabintu akampeleka mtoto shule, kisha akateremka kilima kwa miguu, akaingia mjini.

 Akauliza njia kwa mwanamke anayeuza maji, akauliza kwa mwenye boda, akafika Wandegeya kwenye njia nyingi, na katikati ya njia zile, askari. Mwanamke wa trafiki, nguo nyeupe, anamtazama yeye. Nabintu akasimama ukingoni kama mti. Askari akainua mkono, magari yote yakasimama.

"Mama, pita. Unaogopa nini? Unaenda wapi?"

"Kalerwe."

"Kalerwe iko mbele. Pita Mulago, shuka tu. Ukiona matoke mingi, umefika."

Basi, hilo ndilo lori la kumpeleka kambini. Nabintu anasema ni pale, baada ya kuvuka, ndipo alipojua kwamba amedanganywa. Kule Kalerwe alikwenda kuona tu.

Na aliona. Matoke mafungu kwa mafungu, nyanya kwenye magunia yaliyotandikwa chini, na chini ya mwavuli wa buluu Esperance na beseni lile lile, sombe imeshagawanywa kwenye vifuko na kufungwa. Wateja wanne wamesimama. Mmoja alitaka nyingi kwa ajili ya harusi ya Jumamosi.

"Hakuna shida," Esperance akamwambia. "Nitamwambia msichana wangu atwange mara mbili."

Pembeni yake alikaa mama mmoja wa Gulu, jina lake Abalo, anayeuza odii, simsim iliyosagwa. Huyo ndiye aliyemwona Nabintu kwanza, amesimama anatazama beseni.

"Nyabo, unataka sombe? Kaa kwenye laini."

"Hapana. Hiyo nimeitwanga miye."

Abalo akafurahi. "Kumbe wewe ndiye yule msichana wake? Anasema ulitoka kijijini, ukipita geti unapotea. Mbona hujapotea?"

Esperance akainua macho. Akawapa wale wanne sombe yao mpaka wakaondoka.

"Nani amekuleta?"

"Miguu."

"Nabintu, tusiongee hapa."

"Tuongee hapa. Umenikataza hapa miezi mitano."

Esperance akaanza kukunja vifuko visivyo na kitu, anakunja, anakunjua. "Umelala wapi miezi hiyo? Umekula wapi? Mtoto alipobanwa kifua, nani alimkimbiza hospitali?"

"Ni weye. Na ungeniambia, dada nitwangie niuze, ningekutwangia mpaka leo. Ulikuwa unajua. Kwa nini umeniambia ni ya wageni?"

"Kwa sababu ungetaka kuja kuona soko. Ungelijua soko, ungeweka meza yako hapa mbele yangu. Watu wangeonja ya nani? Miye sijui kutwanga, na weye unajua hilo. Mama alikufunza weye, si miye."

"Sikuwa na mawazo ya meza. Nilikuwa na weye tu."

Abalo alikuwa ameacha kukoroga odii yake.

"Nilikuwa naiombea ile sombe," Nabintu akasema. "Kila asubuhi."

"Maombi hayaharibiki," akajibu Esperance. "Yamefika kwa waliokula."

Nabintu anasema neno hilo ndilo lililomwondoa pale. Uongo angeweza kuubeba. Lakini mtu amechukua maombi yako akayatia kwenye vifuko, halafu anakwambia hayakuharibika.

Akarudi kwa miguu njia ile ile. Akamkuta Hajati Maimunah anaanika nguo.

"Hajati, chumba cha Okidi, yule mpangaji wa kule mwisho, nimesikia anahama."

"Mwezi ukiisha. Kabla ya hapo sina hata kona ya kukupa, bambi. Mmegombana?"

"Hatujagombana."

"Basi ni mbaya zaidi," Hajati akasema, akaendelea kuanika.

Jioni Esperance alirudi na gunia la majani, akaliweka karibu na kinu kama siku zote. Nabintu akalipita. Akampikia mtoto, akamwogesha, akamlaza upande wa ukuta, yeye akalala katikati, mahali ambapo Princesse hulala akizungumza na mama yake mdogo. Ilikuwa saa mbili tu. Nje wakasikia mchi, unapiga, unateleza, unagonga ukingo.

"Mama," Princesse akasema, "kuna mtu anatwanga vibaya."

"Lala."

"Siku hizi mama mdogo ndiye ana salongo?"

"Lala, mwanangu." Mtoto akalala.

Mchi ukaacha. Esperance akaingia ananuka majani, akajinyoosha kwenye mkeka. 

"Nabintu. Harusi ni Jumamosi. Nisaidie hiyo moja tu."

Nabintu akamgeukia mtoto. Esperance naye akageuka, na baada ya kidogo pumzi yake ikawa nzito, ile ile ya utotoni, walipokuwa wakilala kitanda kimoja kwa bibi yao. Nabintu aliisikiliza. Alitaka kuichukia, anasema, ikamshinda, na hilo ndilo lililomuuma kuliko Kalerwe. Akamvutia mtoto karibu, akavuta shuka mpaka mabegani, na miguu iliyotembea siku nzima ikamchukua, akalala.