Jiwe la Nerio Halikai Ukumbini

Bi Edera Mingarelli hakwenda kwenye kikao cha wakazi kutafuta ugomvi. Alikwenda kudai jiwe. Ukuta wa jengo lao, pale Bologna, ulikuwa umepigwa lipu mpya na rangi ya manjano iliyokolea, na mafundi walipoanza kazi walilibandua jiwe la kumbukumbu ya kaka yake, Nerio, wakalilaza stoo ya chini, kati ya baiskeli mbovu na chupa tupu. Kazi sasa imekwisha, mafundi wameondoka, jiwe bado liko chini. Na kesho ni sikukuu ya ukombozi. Watu wa manispaa watapita na shada kama kila mwaka, na shada hutundikwa kwenye pete ya chuma iliyo chini ya jina la Nerio. Bila jiwe watalitundika wapi, kwenye pua ya msimamizi?

Msimamizi wa jengo, Tarozzi, alikuwa kijana wa suti na maneno laini. "Hakuna anayelitupa, Bi Edera. Tunaliweka ukumbi wa chini, pale kwenye masanduku ya barua. Halinyeshewi, halichafuki, na taa ipo."

"Kwani Nerio ni barua, mwanangu?"

Watu wakacheka, hata Tarozzi mwenyewe. Lakini kicheko si kura, na Edera alilijua hilo.

"Kaka yangu hakuuawa ukumbini," akasema. "Wanazi walimpiga risasi nje, ukutani, wakisaidiwa na mafashisti wetu wenyewe, watoto wa mitaa hii hii. Kosa lake ni kuwapelekea silaha waliokuwa wakipigana nao. Wakamwacha chini kutwa nzima, wakakataza asifunikwe. Walitaka aonekane. Haya, na aonekane!"

"Edera, shoga yangu," akasema Ivonne, jirani wa ghorofa ya pili, ambaye alikuwa na duka la tambi za mayai, "lipu bado mbichi. Ikitobolewa itapasuka, tuanze kelele upya. Na huko chini si atapumzika?"

"Amepumzika vya kutosha."

Ikapigwa kura. Ukumbi ukashinda. Ivonne naye aliinua mkono, macho kayaelekeza kwenye viatu vyake.

Edera alipanda ngazi polepole, amefura kwa hasira. Siku ile Nerio alipouawa, yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, amesimama nyuma ya dirisha la mbao lililofungwa, na mama yake kando ameshika shuka ambalo hakuruhusiwa kuteremka nalo. Mtaa mzima madirisha yalifungwa. Hakuwalaumu majirani, maana kila mtu alikuwa na roho moja tu. Lakini madirisha yale hayajamtoka moyoni hadi leo, na mama yake alikufa akiyazungumzia.

Mama huyo huyo, Wajerumani walipotimuliwa, alikwenda na wenzake hadi uwanja mkuu, kwenye ukuta ambako vijana wengine walikuwa wamepigwa risasi, wakabandika picha za watoto wao na maua. Hakuna aliyeomba kibali wala aliyeitisha kikao. Mji ukaja kuwajengea kumbukumbu pale pale, juu ya kazi ya akina mama. Edera alilikumbuka hilo akiwa anavua viatu, na usingizi wake ukawa mzuri.

Asubuhi alishuka na kiti, msumari, picha ya Nerio iliyokaa miaka yote juu ya kitanda chake, na nyundo ya kupondea nyama. Akakiweka kiti nje, pale lilipokuwa jiwe, akapanda. Akagonga. Lipu mpya ikamwagika kama unga.

"Bi Edera! Ukuta!" Tarozzi alikuja mbio, tai imemkaa begani.

"Nauona, baba, sijapofuka. Shika kiti, nikianguka utapata kesi ya pili."

Tarozzi akakishika. Angefanyaje? Juu dirisha moja likafunguka, halafu la pili. Ivonne alitokea mlangoni na aproni yake yenye unga, mkononi ana picha ya baba yake, aliyepelekwa kambini Ujerumani asirudi.

"Nipe nyundo."

"Jana uliinua mkono, Ivonne."

"Niliinua. Usiku kucha ulikuwa unaniwasha. Nipe nyundo, bibi we!"

Ivonne akagonga vibaya, akabomoa lipu maradufu, akatukana, akagonga tena. Picha ya baba yake ikakaa upande. Mzee wa ghorofa ya tatu akateremka amevaa kandambili, mkononi ana picha ya marehemu wake.

Ndipo watu wa manispaa wakakata kona na shada lao la majani mabichi. Wakasimama, wakaangalia mashimo, picha, na bibi aliye juu ya kiti.

"Jiwe liko wapi?" mmoja akauliza.

Tarozzi, suti yake nyeupe kwa vumbi, alimshusha Edera kitini taratibu. "Nisubirini kidogo," akasema. Akawaita wanaume wawili, wakashuka naye stoo, na haukupita muda zikasikika hatua nzito ngazini, na sauti yake ikiwasihi wenzake waangalie pembe.

Edera alikaa kwenye kiti chake, akajifuta lipu mashavuni, pamoja na machozi ambayo hakujali nani anayaona. Akatazama juu. Mtaa mzima madirisha yalikuwa wazi, na katika kila dirisha kulikuwa na mtu.

"Haya, Nerio," akasema. "Wanakuona."